Punk wanaimba shida za nchi za wenzao: wana la kutuambia au ni kelele tu?

besi_ya_Mabibo

Habari za jioni wakuu. Nina swali, maana kila nikiligusa hili suala geto watu wananikatisha. Mimi napenda sana punk, ule muziki wa magitaa ya kelele na hasira, najua hapa Bongo tuko wachache mno, ukiiweka kwenye spika jirani anakuja kuuliza redio imepatwa na nini. Sasa kadiri ninavyosikiliza ndivyo ninavyoona hawa jamaa wanaimba sana mambo ya nchi ambazo si zao. Bendi ya The Clash ni Waingereza lakini mwaka 1980 walitoa albamu ya santuri tatu wakaipa jina la wapiganaji wa Nikaragua waliomng'oa dikteta Somoza mwaka mmoja nyuma yake, na humo ndani wanamtaja Víctor Jara, yule mwimbaji wa Chile aliyeuawa na wanajeshi wa Pinochet 1973, halafu wimbo huohuo unawageukia Warusi kwa kuingia Afghanistan na Wachina kwa Tibet, yaani hawakumwachia mtu. Bendi ya Dead Kennedys ya San Francisco mwaka huohuo wakaimba Kambodia ya Pol Pot, yule dikteta aliyeua watu wake, ila ukiusikiliza vizuri wimbo unamsema yule kijana wa chuo wa Kimarekani mwenye kila kitu anayejifanya anayajua maisha ya masikini.

Jamaa yangu mmoja anasema hizo ni kelele za watoto wa kizungu walioshiba, wanaazima machungu ya watu ili wapate cha kuimba. Mimi nabisha lakini nataka hoja zenye nyama. Mtu wa punk akiisemea nchi ya mbali ambako watu wanapigwa mabomu ya machozi na wachache wanakula peke yao, ana nini cha maana cha kuongeza? Na punk wa nchi zenye hali kama za kwetu wapo? Karibuni.

BintiPangani_Leeds

Kaka besi, huyo jamaa yako mwambie kwanza hao Waingereza hawakuwa wameshiba kama anavyodhani. Mwaka 1976 Uingereza yenyewe ilipiga hodi IMF kuomba mkopo ikapewa na masharti ya kubana matumizi, zile habari tulizozizoea sisi, na wasio na kazi walishapita milioni moja, kijana anamaliza shule anaenda kupanga foleni ya posho ya serikali. Katikati ya hali hiyo mwaka 1977 nchi inaandaa sherehe za Malkia kutimiza miaka 25 kwenye kiti, bendera kila mtaa, ndipo bendi ya Sex Pistols wakatoa wimbo wao wa kumpinga na BBC ikakataa kuupiga. Watu wanakumbuka matusi na nywele, wanasahau kwamba hasira ilikuwa na hesabu zake.

Sasa hapo kwenye "nchi za nje" ndipo mimi nina la kusema kwa sababu naishi huku. Nje ilikuwa imeshaingia ndani. Mtaa wa vijana hawa ndio mtaa waliofikia Wajamaika, Wabangladeshi, Wasomali, watu walioletwa na historia ya ukoloni wa hao hao Waingereza, na polisi walikuwa wakiwasimamisha na kuwapekua vijana weusi kila siku iendayo kwa Mungu. Agosti 1976 kwenye kanivali ya Notting Hill vijana weusi wakachoka wakapambana na polisi, na wawili wa The Clash walikuwepo palepale. Wakati huo chama cha wabaguzi, National Front, kinaandamana kutaka wahamiaji warudishwe kwao. Ndiyo maana ikaanzishwa Rock Against Racism, harakati ya kupinga ubaguzi kwa muziki, na tarehe 30 Aprili 1978 maelfu kwa maelfu walitembea kwa miguu kutoka Trafalgar Square mpaka Victoria Park, mashariki ya London, bendi za punk na za reggae kwenye jukwaa moja.

Na kuna mtu siku ile alipanda stejini ambaye sisi watu wa pwani ya Afrika Mashariki tungemjua zaidi kuliko tunavyomjua. Poly Styrene wa bendi ya X-Ray Spex, baba yake Msomali, mama Mwingereza. Msichana wa miaka 20, vyuma vya meno mdomoni vinaonekana kabisa, nguo za rangi za kung'aa, sauti inapasua, anaimba kuhusu watu kufungwa na bidhaa na kununuanunua. Tafuteni picha zake mzitazame. Huwezi kumwita huyo mtoto wa kizungu aliyeshiba, na hakuazima machungu kwa mtu.

mzee_wa_hoja

Dada nakuheshimu na historia umeimwaga vizuri lakini mnapendezesha sana. Sid Vicious wa hao hao Sex Pistols alikuwa anavaa fulana yenye swastika ya Hitler akizunguka nayo barabarani, eti kuwaudhi wazee. Myahudi aliyepoteza ndugu zake kwenye kambi za Hitler akiipita ile fulana ajisikie vipi? Na bendi nyingine, Skrewdriver, ilianza kama punk wa kawaida ikaishia kuwa bendi ya wabaguzi wenyewe. Kwa hiyo gitaa halina upande.

Na swali langu kubwa liko hivi, Víctor Jara alivunjwavunjwa mikono akapigwa risasi, aliyemwimba London alirudi nyumbani kulala. Nani analipa? Mimi nikiona mtu anaimba vurugu za nchi nyingine nauliza hilo tu.

Eastlands254

Mzee heshima yako, swali la nani analipa ni la haki kabisa na ya swastika hakuna mtu atakuja kuitetea hapa, ilikuwa upumbavu na iliumiza watu. Lakini sasa umeweka wazungu wote mbele ukatuacha sisi nyuma. Hapa Nairobi tuko na Crystal Axis, vijana weusi, Wakenya, punk kabisa, na wamefanya hiyo kitu besi anauliza, wameimba kuhusu nchi nyingine. Wako na wimbo wa Leopold, yule mfalme wa Ubelgiji aliyefanya Kongo kuwa shamba lake mwenyewe kuanzia 1885, watu wakikosa kufikisha kilo za mpira wanakatwa mikono, na huko Ulaya sanamu zake zikabaki zimesimama mijini miaka na miaka. Hiyo si kuazima. Mkenya akiimba Kongo anaimba mkutano ule ule wa Berlin, ule wazungu waligawana Afrika, uliomkata yeye pia.

Halafu wakageuka nyumbani wakaimba Nyayo House. Kwa wale hawajui, hiyo ni jumba refu katikati ya mji, watu wanaenda huko kushughulikia paspoti na makaratasi ya serikali, na chini yake, basement, ndiko watu waliteswa miaka ya themanini wakishukiwa kuwa Mwakenya, ile harakati ya siri ya kupinga serikali, wanafungiwa kwa seli zimejazwa maji. Mtu anapanga laini ya paspoti juu ya hizo seli. Sasa mzee niambie, bendi inayoimba hiyo mjini humo humo, bado utasema inarudi nyumbani kulala? Nyumbani ni hapo.

Na kitu kimoja nitasema na sitaki kuirembesha. Juni 25, 2024 wakati vijana waliingia bungeni kwa sababu ya Mswada wa Fedha, wengine wakapigwa risasi hapo nje, hakuna mtu alikuwa amengoja bendi ya Ulaya imwambie mkate unapandishwa ushuru. Lakini watu wa nje walipoposti, wakasema, wakasimama mbele ya ubalozi wetu huko waliko, ilisaidia, kwa sababu serikali zetu zinaogopa kuonekana vibaya huko zinakoenda kukopa. Hiyo ndiyo kazi ya mtu wa mbali kwa maoni yangu, asiniongoze, anishikie taa.

besi_ya_Mabibo

Eastlands nashukuru sana, Crystal Axis nilikuwa nawasikia juujuu tu, leo nalala nao. Mzee wa hoja na mimi swali lako limenikaa. Kuna mtu ana mfano wa waliolipa kweli?

skuli_ya_Java

Assalaam alaykum jamani. Mimi mtu wa Unguja, niko masomoni Indonesia, kwa hiyo hili nalijibu kwa ninayoyaona huku. Wengi hawajui kwamba Indonesia ni katika nchi zenye punk wengi sana duniani, na wengi wao ni watoto wa masikini, wanapiga gitaa kwenye madaladala na kwenye mataa wapate chochote. Walianza kushamiri miaka ya mwisho ya Suharto, yule aliyetawala zaidi ya miaka 30 mpaka alipoangushwa Mei 1998, na vijana wa punk walikuwemo kwenye maandamano yale.

Kulipa wamelipa. Desemba 2011 mjini Banda Aceh, vijana 64 walikamatwa kwenye shoo iliyokuwa ya kuchangia watoto yatima. Hakuna aliyefunguliwa mashtaka. Walipelekwa chuo cha polisi wakawekwa siku 10, wavulana wakanyolewa vipara, wakaogeshwa ziwani, wakavuliwa vipini na minyororo, eti wanarudishwa kwenye maadili. Mimi ni Muislamu na nasema wazi, kumnyoa mtoto wa mtu kwa nguvu mbele ya kamera si maadili. Hapo punk wa mbali ndipo walipofaa, maana walipinga kwenye ubalozi wa Indonesia kule London na Moscow, na habari ambayo ingezikwa Aceh ikazunguka dunia nzima.

Halafu wapo Sukatani, bendi ya punk ya watu wawili tu, wa Purbalingga, mji mdogo Java ya kati. Wakipanda stejini wamevaa vinyago vya kuficha uso na shoo zao wanawagawia watu mboga, mboga za kweli kabisa za kupikia, kwa ajili ya kuwaenzi wakulima. Walitoa wimbo unaosema kila kitu ukitaka unamlipa polisi, ukitaka leseni, ukikamatwa barabarani, daladala likitaka kusimama kungoja abiria, ukitaka kuandaa shoo, mpaka anayetaka kubomoa nyumba za watu au kufyeka msitu naye analipa. Jamani kuna mtu wa kwetu anahitaji kutafsiriwa hapo? Tarehe 20 Februari 2025 wakatokea kwenye video bila vinyago, nyuso zao wazi, wakamuomba radhi mkuu wa polisi na kusema wimbo wameuondoa. Mwimbaji ni mwanamke, alikuwa akisomesha skuli ya msingi, na kazi ile hanayo tena. Mzee wa hoja, hiyo ndiyo risiti uliyokuwa ukiitafuta.

Wimbo lakini haukuondoka. Wanafunzi walikuwa mabarabarani siku zile zile kupinga kubanwa kwa bajeti, wakaudaka wakauimba mbele ya polisi. Na Agosti mwaka huo huo ikaja kubwa zaidi. Ilijulikana wabunge wanapewa posho ya nyumba rupia milioni 50 kwa mwezi, karibu mara 10 ya kima cha chini cha mshahara cha Jakarta, watu wakatoka, na usiku wa tarehe 28 gari la deraya la polisi likampanda kijana wa bodaboda wa miaka 21 akafa. Madereva wenzake wakamsindikiza kaburini kwa pikipiki. Nchi ikawaka.

mzee_wa_hoja

Hapo kwa daladala na bodaboda kijana umenifikisha. Sina ubishi na hao, hao wanaimba wanachokiishi. Hao Sukatani waliishia wapi? Walinyamaza?

skuli_ya_Java

Hapana mzee wangu. Baada ya kelele za watu mkuu wa polisi mwenyewe alisema hana tatizo na kukosolewa, akawataka wawe mabalozi wa polisi wa kuleta mabadiliko ndani ya jeshi lake. Wakakataa, wakasema wazi kwamba walikuwa wakitishwa tangu Julai 2024. Bado wapo, bado wanapiga shoo.