Naomba ushauri: Mama ana kisukari na presha, je, aache ndizi mbivu na kula matufaha tu?

Mleta mada

Ndugu wanajukwaa, habari za leo. Mama yangu ana umri wa miaka 71, anaishi Kibosho, Moshi, na kwa muda mrefu amekuwa akitumia dawa za presha na za kisukari. Hivi karibuni jamaa waliokuja kumsalimia walimweleza kwamba mgonjwa wa sukari hatakiwi kabisa kuonja ndizi mbivu, na kwamba tunda linalomfaa ni tufaha peke yake. Tangu hapo ndizi za shambani kwake huwagawia wajukuu, nasi watoto tunamnunulia matufaha ya Afrika Kusini, ambayo bei ya moja tu ingetosha kupata ndizi kadhaa. Kwa kuwa meno yake hayatafuni vizuri, mdogo wangu huyamenya, huyasaga na kuichuja juisi ili iwe laini. Naomba kufahamu kama katazo hilo lina msingi. Natanguliza shukrani.

Shangazi wa Machame

Pole sana kwa kuuguza. Kumnyima Mchaga ndizi akiwa katikati ya migomba yake ni adhabu, na ningependa kwanza kujua kama katazo hilo limetoka kliniki au limetoka kwa wageni tu. Kama ni wageni, msubiri wenye ujuzi waseme.

Muuguzi Mstaafu

Ndugu mleta mada, tuanze na vipimo. Tufaha la wastani lenye uzito wa gramu 180 hivi, likiliwa na ganda lake, lina kalori zipatazo 95, wanga gramu 25 na nyuzinyuzi gramu 4 na ushei. Ndizi mbivu ya wastani, ikishamenywa ikabaki na gramu 118 hivi, ina kalori 105, wanga gramu 27 na nyuzinyuzi gramu 3. Tofauti hiyo ni ndogo mno kulifanya tunda moja kuwa dawa na jingine kuwa sumu. Jambo la kuangalia zaidi ni kasi, kwani sukari ya tufaha huingia kwenye damu taratibu, na ile ya ndizi hutegemea imeiva kiasi gani: ndizi ambayo ncha zake bado zina ukijani huwa na wanga ambao utumbo mwembamba hauusagi wote, ilhali ile iliyojaa madoa meusi wanga wake karibu wote umekwisha kugeuka sukari.

Kwa upande wa presha, ndizi ndiyo inayoongoza, maana ina takribani miligramu 420 za potasiamu, yaani zaidi ya mara mbili ya zile za tufaha, na madini hayo huzisaidia figo kutoa chumvi na hulegeza mishipa ya damu. Tufaha nalo lina pektini, aina ya nyuzinyuzi ambayo hupunguza kwa kiasi lehemu (kolesteroli) mbaya, na sehemu nzuri ya nyuzinyuzi zake imo kwenye ganda. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, juisi mnayompa ina madhara kuliko ndizi alizokatazwa: mmemwondolea nyuzinyuzi mkambakizia sukari, tena glasi moja hubeba matufaha mawili au matatu ambayo asingeyamaliza kwa mkupuo mmoja. Lioshwe vizuri, likwaruzwe na ganda lake kama karoti, alile kwa kijiko.

Hata hivyo, kabla ya kumrudishia ndizi, lipo swali ambalo wageni wenu hawakuliuliza: figo zake zikoje, na anatumia dawa gani za presha? Figo zikiwa zimechoka, potasiamu hulundikana kwenye damu na huweza kuvuruga mapigo ya moyo, na hapo ndipo tufaha huwa salama kuliko ndizi.

Mkulima wa Njombe

Naongeza dogo tu: si lazima matufaha yatoke Afrika Kusini, kwani huku Njombe na Makete tunalima. Mengine ni madogo na yana ukakasi, lakini kwa mwenye kisukari udogo huo si hasara.

Mleta mada

Nawashukuru nyote. Anatumia losartan ya presha na metformin ya sukari, na alipopimwa figo karibuni daktari alisema ziko vizuri. Je, mtori, ile supu nzito ya ndizi mbichi na nyama, anaokula karibu kila jioni una tatizo?

Muuguzi Mstaafu

Ikiwa figo ziko vizuri, ndizi mbivu moja ndogo kwa siku, isiyoiva kupita kiasi, haina sababu ya kukatazwa. Kwa kuwa losartan huweza kupandisha potasiamu, ombeni ipimwe pamoja na figo atakaporudi kliniki. Mtori uhesabuni pamoja na ugali na wali, si pamoja na matunda. Zaidi ya hapo, ndizi zilizopondwa huyeyuka tumboni haraka, na supu ile huhifadhi potasiamu iliyotoka kwenye ndizi. Bakuli liwe dogo, nyama iwe isiyo na mafuta mengi, mboga za majani ziwepo pembeni, na ndizi mbivu isifuate juu yake jioni hiyohiyo. Kama mna mashine ya kupimia sukari, mpimeni kabla ya kula na saa mbili baadaye, siku ya ndizi na siku ya tufaha, mkaandike kwenye daftari na kumpelekea daktari wake.