Niandike nini kwenye kitabu cha safari za gari?

Dereva_wa_Pikapu:
Habari zenu wadau. Mimi ni dereva katika serikali ya kaunti moja, sitaitaja. Pikapu ninayoendesha ni ya idara ya kilimo, kazi yake ni kubeba maafisa wa nyanjani na mbegu. Jumamosi bosi wangu (afisa mkuu, si waziri) alinipigia simu niende nayo mkutanoni. Nilibeba viti, hema na magunia ya fulana zenye picha ya mheshimiwa, zikafunikwa turubai. Kabla hatujatoka, nambari za gari zilibanduliwa zikawekwa za kiraia. Mafuta yalilipwa kwa kadi ya idara.

Jumatatu akaniambia nijaze kitabu: "Kukagua mashamba ya viazi." Viazi vyenyewe huku vilishavunwa. Mpaka sasa mstari ule uko wazi na kila asubuhi ananiuliza. Kandarasi yangu inaisha Juni, na anayependekeza nani aongezewe ni yeye. Sitaki siasa za nani anafaa. Nauliza tu: niandike nini?

Kibarua77:
Andika viazi, ndugu. Ukiwa shujaa, watoto watakula ushujaa?

Mkaguzi Mstaafu:
Kijana, usimsikilize huyo. Nimekaa miaka mingi kwenye ukaguzi wa ndani, na hivi vitabu ndivyo tulivyokuwa tukifungua kwanza. Mkaguzi hahitaji kujua lolote kuhusu mkutano. Anachukua kilomita ulizoandika, anazilinganisha na dashibodi, kisha anatafuta risiti ya kadi ya mafuta: kituo gani, saa ngapi. Ukiandika viazi vya wadi jirani na mafuta yakawa yamejazwa upande wa pili wa kaunti Jumamosi jioni, swali la kwanza linakuja kwako. Bosi alitoa amri kwa mdomo. Mwandiko kwenye kitabu ni wako, na kuandika uongo katika rekodi ya serikali ni kosa lako, hata kama safari ilikuwa yake.

Andika lililotokea, bila kupamba: ulikotoka, ulikofika, kilomita za kuanzia na za kumalizia, mizigo (viti, hema, fulana), "kwa maagizo ya Afisa Mkuu kwa simu". Usiandike "kampeni", hilo waachie wengine waliite. Piga picha ukurasa huo kabla hujarudisha kitabu. Kurasa huwa zinachanika, nimeyaona.

Na soma Katiba kifungu cha 226(5): mwenye ofisi ya umma anayeagiza au kuidhinisha fedha za umma zitumike kinyume cha sheria anawajibika kulipa hasara, hata akiwa ameshatoka ofisini. Anayeagiza! Lakini ni lazima pawe na karatasi inayoonyesha nani aliagiza. Ukiandika viazi, umemfutia nyayo zake.

Wakili wa Kijijini:
Mzee amemaliza upande wa vitabu. Niongeze wa sheria.

Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016, kifungu cha 14, inakataza mgombea au mtu mwingine yeyote kutumia rasilimali za umma kufanya kampeni. Bosi wako atajitetea kwamba kampeni rasmi bado, uchaguzi ni Agosti 2027. Hapo ndipo sheria ilipo na tundu kubwa, maana hapa kwetu kampeni huanza kura za juzi zikiwa hazijakauka wino. Ila Sheria ya Uongozi na Maadili ya 2012 haina kalenda: afisa wa umma asiendeleze maslahi ya chama katika kazi yake, mwaka wowote. Cha ajabu, sheria hiyo ilipoandikwa iliwatoa mawaziri wa kitaifa na wa kaunti kwenye katazo hilo. Afisa mkuu si waziri, na pikapu si waziri pia.

Wanaosema ni jambo dogo wakumbuke India. Juni 1975 mahakama ya Allahabad ilibatilisha ubunge wa Indira Gandhi, waziri mkuu aliye madarakani, na hoja mojawapo ilikuwa kwamba maafisa wa serikali ya jimbo walimjengea majukwaa na kumpangia umeme wa vipaza sauti. Majukwaa na vipaza sauti tu! Baadaye bunge lilibadilisha sheria na Mahakama ya Juu ikamwokoa, lakini hiyo ni habari ya nguvu zake, si ya udogo wa kosa.

Kuhusu kandarasi: kifungu cha 236 cha Katiba kinakataza afisa wa umma kuonewa kwa kufanya kazi yake kwa mujibu wa sheria. Sikudanganyi, kutoongezewa kandarasi ni vigumu kuthibitisha kuwa ni uonevu. Ndiyo maana ile picha ya ukurasa ina thamani. EACC, tume ya Kenya ya maadili na kupambana na ufisadi, pia wana njia ya kuripoti kwenye tovuti yao bila kutaja jina.

Dereva_wa_Pikapu:
Asanteni, hasa mzee. Nimeandika kama ulivyosema, na picha nimeipiga. Amesoma, akanyamaza, sahihi hajatia. Sasa nasikia Jumamosi hii kuna safari nyingine. Nambari za kiraia bado ziko chini ya kiti.

Mkaguzi Mstaafu:
Hizo nambari usiziguse, wala usiendeshe zikiwa zimefungwa. Polisi wakikusimamisha, anayeshushwa garini ni dereva. Akikuagiza tena, mtumie ujumbe wa WhatsApp kwa adabu: "Shikamoo bosi, naomba unithibitishie safari ya Jumamosi, kituo na shughuli, nijaze kitabu." Akijibu, una karatasi. Asipojibu, huna safari.

Kibarua77:
Haya, hiyo ya WhatsApp nimeikubali.