Mrejesho: Mume wangu hatimaye amepimwa

Niliwauliza nifanyeje na mume anayekataa kupimwa mbegu zake wakati tunatafuta mtoto bila mafanikio, ilhali mimi nilikuwa nimeshapigwa picha ya mirija ya uzazi na kupimwa homoni, na majibu yote yakatoka mazuri. Wengi mlinishauri nimwachie daktari kazi hiyo, na kweli alimweleza kwa upole kwamba wanandoa huhesabiwa kuwa na tatizo la uzazi baada ya miezi 12 ya kujamiiana bila kinga na bila mimba kupatikana, na kwamba chanzo huweza kuwa kwa mke, kwa mume au kwa wote wawili. Akakubali, shingo upande.

Kilichotutoa jasho ni sampuli yenyewe ya shahawa. Baada ya kujizuia kati ya siku 2 na 7, alitakiwa kuifikisha maabara ndani ya saa moja ikiwa bado na joto la mwili. Sasa fikirieni kuitoa Kasarani hadi katikati ya jiji la Nairobi asubuhi, Barabara ya Thika ikiwa imefunga. Aliikumbatia kwapani ndani ya koti, macho kwenye saa, huku makanga akimsukuma asogee.

Mbegu zilipatikana chache. Kwa kuwa huchukua takriban miezi 3 kutengenezwa na kukomaa, atarudia kipimo baada ya muda huo, na sigara ameziacha (namchunguza). Mama mkwe angali ananitumia mizizi ya kuchemsha kutoka kijijini. Mume ameahidi kumweleza mwenyewe, nami nimekataa kumsaidia.