Tupeane uzoefu: mashine za kufulia zilizozeeka, zinaharibikia wapi na kwa nini

Mfuaji wa Nakuru

Wadau wa Nakuru, Kisumu, Kakamega, Kisii na kote huku magharibi, tupeane uzoefu wa mashine za kufulia na za kukausha nguo zilizopita miaka minane. Ombi langu ni moja: usiandike tu "bodi imekufa". Andika dalili, kipimo, spea na sababu. Mashine nzima zinapelekwa kwa wauza vyuma chakavu kwa ajili ya kaboni mbili za mota (vile vijipande vinavyopeleka stima kwenye sehemu inayozunguka), na inauma.

Naanza na maji. Kibandiko cha nyuma ya mashine kinataja presha ya chini kabisa inayohitajika. Nyingi zinataka baa 0.5, chache baa 0.3. Kila mita 10 za kimo cha maji hutoa takriban baa 1. Kwa hiyo ili upate 0.5, kitako cha tangi kiwe mita 5 juu ya mahali paipu inapoingia kwenye mashine. Tangi lililokaa juu ya bafu la nyumba ya chini hutoa mita mbili au tatu tu. Dalili yake: maji yanaingia kama uzi, mashine inangoja, kisha inasimama na kuonyesha msimbo wa maji (kwa LG ni IE). Vali mpya haitasaidia. Inua tangi au weka pampu ndogo ya kuongeza presha.

Lakini kabla ya kutoa pesa, funga mfereji, fungua paipu nyuma ya mashine, vuta kile kichujio cha wavu kwa koleo, ukisugue kwa mswaki. Maji yakirudi baada ya mgao huja na tope na kutu, na wavu ule ndio unaoyapokea. Vali yenyewe ipime kwa multimita ikiwa haina stima: koili nzima husoma kati ya omu 3,500 na 4,500 hivi. Isiposoma kitu, imekatika.

Nyongeza kwa watu wa Nakuru: wapo wanaosema floridi ya maji ya visima ndiyo inayoziba hita (koili inayopasha maji). Floridi inadhuru meno, haizibi hita. Kinachoganda juu ya hita ni chokaa. Tia tone la siki juu ya ule ukoko. Ukitoa mapovu, ni chokaa.

Fundi Kondele

Asante kwa kuanzisha. Mimi nakuja na upande wa kumwaga maji, maana hapo ndipo kosa la ufungaji linapogeuzwa kuwa ugonjwa wa mashine. Nyumba nyingi za kupanga hazina bomba la kupokea maji machafu, kwa hiyo paipu inalazwa sakafuni bafuni. Mashine inajaza, maji yanatoka yenyewe kwa mvuto, inajaza tena, haifiki kuosha. Ncha ya paipu iinuliwe sentimita 60 hadi 100 kutoka sakafuni, na iachiwe nafasi ya hewa mahali inapoingia kwenye bomba. Usiizibe pembeni kwa tambara.

Ikiwa paipu iko sawa na maji bado hayatoki, fungua kichujio cha pampu chini mbele (tandaza beseni bapa kwanza). Utakuta sarafu, vifungo, waya za sidiria. Zungusha pangaboi la pampu kwa kidole: likisogea kwa kurukaruka ni zima, kwa sababu lina sumaku ndani. Likizunguka bwerere, au likikwama kabisa, nunua pampu. Koili yake husoma omu 120 hadi 200.

Nyanya wa Milimani

Fundi, na ile inayonguruma wakati wa kukamua tu, wakati wa kuosha iko kimya?

Fundi Kondele

Nyanya, shikamoo. Hizo ni beringi. Toa nguo, shika ngoma juu kwa mkono, iinue na kuishusha. Ikicheza huku lile beseni la nje limetulia, beringi zimeisha. Kinachoua beringi ni ile sili ya mpira nyuma ya ngoma: ikilika, maji ya sabuni hupenya, grisi inaosheka, kutu inaingia. Ndiyo maana ukibadilisha beringi bila sili, kelele inarudi.

Soma namba kwenye beringi ya zamani, usikisie. Zinazokutana sana ni 6205 (25 × 52 × 15 mm) na 6206 (30 × 62 × 16), na kwa mashine ndogo 6203 na 6204. Chukua zilizofungwa kwa mpira pande zote mbili. Ila kabla hujakubali bei ya fundi yeyote, uliza beseni la nje limefungwa kwa skrubu au limechomelewa. La skrubu ni kazi ya siku moja. Lililochomelewa hukatwa kwa msumeno, halafu lirudishwe kwa silikoni na skrubu; inawezekana, lakini likivuja hakuna wa kulaumiwa. Na ukikuta mikono mitatu ya alumini nyuma ya ngoma imeliwa na kuota unga mweupe, usitie beringi mpya hapo. Mkono ukivunjika ngoma ikizunguka mara 1,000 kwa dakika, utapasua kila kitu.

Kisii Stima

Huku kwetu radi ndiyo adui. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi: chomoa plagi mvua ikianza kutanda. Stima zikirudi baada ya kupotea, ngoja dakika chache kabla ya kuwasha, au tumia kilinzi cha ampea 13 chenye kuchelewesha. Bodi ikishapigwa, tazama kwanza fyuzi na varista, kile kidude chembamba cha duara karibu na mahali stima inapoingia. Varista ikipasuka na fyuzi ikakatika, mara nyingi vimeokoa bodi iliyobaki. Spea hizo mbili ni za bei ndogo mno.

Kuhusu "mashine inapiga shoti": ndani kuna kichujio cha umeme chenye kapasita (vidude vinavyoweka chaji) ndogo zinazoelekea kwenye waya wa ardhi. Nyumba isipokuwa na waya wa ardhi, mwili wa mashine hubeba karibu nusu ya volti 240. Mashine inaweza kuwa nzima kabisa. Dawa ni fundi wa stima kuchimbia nondo ya ardhi na kuiunganisha hadi kwenye soketi. Tafadhali msikubali ushauri wa kuvaa ndala za mpira wakati wa kufua. Watoto hugusa mashine pekupeku.

Ikiwa waya wa ardhi upo na stima inakatika kila maji yanapoanza kupashwa moto, pima hita. Ya wati 2,000 husoma omu 29 hivi kati ya ncha zake. Kati ya ncha na mwili isisome chochote.

Mama Kaboni, Bungoma

Mota ya mkanda ikigoma kuzunguka, au isizunguke mpaka upige mashine teke, ni kaboni. Mpya zina sentimita 3.5 hadi 4, zikibaki 1.5 badilisha zote mbili pamoja. Sehemu ya shaba ya mota isugue kwa msasa laini wa karatasi, kisha washa bila nguo kwa mwendo mdogo ili kaboni zikae. Ikiwa ngoma inaruka mbio za juu ghafla mara tu unapowasha, hiyo si kaboni, ni triaki ya kwenye bodi, ile swichi ya elektroniki inayoongoza mwendo wa mota.

Mkanda umeandikwa. 1192 J5 maana yake milimita 1,192, mifereji mitano. Nenda dukani na hizo namba.

Zile za mapipa mawili: mota ikivuma bila kuzunguka, pima kapasita (ya kuosha hubeba maikrofaradi 8 hadi 12, ya kukamua 4 au 5). Itoe chaji kabla ya kuishika! Pipa la kukamua likigoma na kapasita ni nzima, angalia waya wa breki unaounganishwa na kifuniko. Ukilegea, breki haiachii.

Mfuaji wa Nakuru

Na sabuni jamani. Ya kuoshea kwa mikono hutoa povu jingi, na kwenye mashine ya mlango wa mbele povu hilo hupanda hadi kwenye kipima maji, mashine inadhani bado imejaa, inakataa kukamua. Tumia ya mashine.

Za kukausha bado hazijaguswa. Nani anazijua?

Kakamega Moto

Za kukausha huharibikia kwenye pamba, yaani zile nyuzinyuzi zinazotoka kwenye nguo. Safisha kichujio kila mzigo, na angalau mara mbili kwa mwaka fungua paneli ya nyuma ufyonze pamba iliyo karibu na hita. Ngoma ikizunguka bila joto, pima fyuzi ya joto. Ikikatika, usiiunganishe moja kwa moja kwa waya. Hiyo ndiyo inayozuia moto. Tafuta kilichoziba hewa, kisha weka mpya ya nyuzi joto zilezile.

Hita ya wati 2,500 huvuta ampea zaidi ya 10 kwa saa nzima. Isiende kwenye ekstensheni. Shika plagi baada ya nusu saa; ikiwa ni moto wa kukufanya uachie, badilisha soketi na plagi zote mbili.

Na mnaonunua za mtumba, someni kibandiko: 220-240V, 50Hz. Iliyoandikwa 120V 60Hz ni ya soko la Marekani. Hata ukiiwekea transfoma, mota za aina nyingi zitazunguka polepole na kupata moto, maana transfoma haibadilishi hezi. Muulize pia muuzaji zile boliti za kusafirishia, zinazofunga ngoma isicheze njiani, ziko wapi. Mashine ya kufulia iliyobebwa kutoka Mombasa hadi huku bila boliti hizo, bonyeza ngoma chini kwa mkono na uiachie: ipande mara moja na kutulia. Ikiyumba mara tatu nne, shoki zimekwisha, na punguza bei ya shoki mbili kabla hujatoa pesa.