Wakwe wanakuja Unguja kula: Forodhani, mgahawa wa hoteli, au tununue Darajani tupike?

MkweMtiifu
Wakuu salaam. Mimi nipo Dar, wakwe zangu wanatoka Songea na wameomba niwavushe Unguja wikiendi moja wakale vyakula vya huko. Majumba ya Mji Mkongwe hawana haja nayo sana, mama mkwe kasema wazi anakuja kula. Nimefikiria njia tatu. Kwanza, jioni twende bustani ya Forodhani, kwenye meza za wauza vyakula, kila mtu achague chake. Pili, mgahawa wa hoteli wenye meza zinazotazama bahari, maana wakwe ni wakwe. Tatu, tupange nyumba, asubuhi tuingie soko la Darajani tununue samaki, viungo na embe (mama mkwe embe ndizo anazozisubiri), kisha mke wangu apike. Nishaurini haraka, mwenye nyumba anataka malipo ya awali leo.

Ponda_Mali
Forodhani. Mods fungeni uzi.

Bint_Kikwajuni
Wa alaykum salaam. Kaka, mwezi gani? Mpo wangapi? Hiyo nyumba ina jiko la kupikia watu au kile kijijiko cha kuchemshia chai? Na kuna mtu ana miiko ya chakula? Hujatwambia kitu hata kimoja halafu unataka jibu leo.

MkweMtiifu
Samahani dada. Mwisho wa mwezi wa saba, tupo sita pamoja na watoto wawili. Jiko nimeambiwa lipo.

Bint_Kikwajuni
Embe mwezi wa saba! Kaka, embe zetu ni za kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa kwanza hivi. Hapo ndipo utaona dodo, bolibo, sindano, na shokishoki zimefungwa mafungu barabarani kuanzia Kizimbani huko. Mwezi wa saba utamkuta mtu ana embe tatu kazipanga kama dhahabu, na ukiikata ndani imekaa kama mhogo. Mtayarishe mama mapema. Msimu huo mle machungwa na chenza, na ndizi, papai na madafu hayana msimu.

Nahodha_Mstaafu
Binti kasema kweli kuhusu embe, mimi niseme la samaki. Mwezi wa saba ni kusi. Upepo unavuma tangu mwezi wa nne huko mpaka wa tisa, na ukichachamaa ngalawa na mashua ndogo hazitoki nje ya mwamba. Siku kama hizo ukienda mnadani Darajani unakuta nguru na jodari wachache, na bei haishikiki. Kaskazi ndiyo bahari hulala, mwezi wa kumi na mbili mpaka wa tatu, na samaki mkubwa ndipo anaposhuka kwa wingi. Sasa sisemi usije. Ninachokwambia ni kwamba ukija wakati wa kusi, fuata pweza. Pweza hahitaji mashua wala tanga. Kinamama wanamfuata kwa miguu mwambani maji yakishatoka, na maji hutoka sana siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Dagaa ni kinyume, wao wanavuliwa kwa taa, kwa hiyo wanataka usiku wa giza; mwezi ukiwaka hupati. Ndiyo maana naomba tarehe kamili, "mwisho wa mwezi" haitoshi.

MkweMtiifu
Shukrani mzee wangu. Ila kuna jambo sikulisema, baba mkwe hali pweza. Hali ngisi, hali kamba, hali kitu chochote "chenye mikono mingi" kama anavyosema mwenyewe. Samaki anakula, ila awe na umbo la samaki.

Bint_Kikwajuni
Ndiyo maana tuliuliza mapema 😂

SangaraDamu_Mwanza
Mimi nakuomba usiende kwenye hoteli ya kutazama bahari, na nina sababu. Niliwahi kumpeleka bosi wangu kwenye mgahawa mmoja huko, siutaji. Vitambaa vyeupe, mhudumu kafunga tai, mawimbi yanapiga chini ya meza. Menyu imeandikwa "changu wa leo". Nikauliza kwa adabu, kweli ni wa leo? Akaniambia kaka, kashuka asubuhi hii. Upepo wenyewe siku ile ulikuwa unapeperusha vile vitambaa mpaka wamevibana kwa vibanio vya nguo. Tukakaa. Tukala mkate na siagi mpaka tukashiba mkate. Sahani inakuja, naona mnofu mpana, mweupe, hauna mwiba hata wa dawa, umemwagiwa mchuzi wa nazi juu. Nikaonja. Jamani, mimi nimezaliwa Kirumba! Nimekua na sangara, najua mnofu wake unavyochanika mapande manene na mafuta yake yanavyobaki kwenye ulimi. Changu ana nyama laini, ndogondogo, na miiba yake huwezi kuisahau. Yule alikuwa sangara, katoka ziwani kwetu, kagandishwa, kasafirishwa, kanisubiri mimi Unguja aniuzie mara tatu ya bei ya nyumbani. Nikamwita mhudumu. Akaja msimamizi. Akaniambia "ni aina ya changu wa maji mengi". Bosi wangu anacheka mpaka machozi. Nikalipa. Tangu siku hiyo nikifika mahali nasema nileteeni samaki mzima na kichwa chake, tutazamane.

Ponda_Mali
"Changu wa maji mengi" 😂😂 Ziwa lote lile.

Nahodha_Mstaafu
Huyo mhudumu kasema kashuka asubuhi na kusi linapeperusha vitambaa. Ungemuuliza kashuka kutoka ndege ipi.

Mama_Sufuria
Tatizo si hoteli, tatizo ni kutojua cha kuagiza. Wakwe wanaheshimiwa kwa kukaa kitini, si kwa kusimama bustanini na sahani ya karatasi mkononi. Nenda mahali kama Lukmaan pale Mkunazini mchana: chakula kipo mbele yako kwenye kioo, unanyoosha kidole, wali wa nazi, mchuzi wa samaki, maharage ya nazi, mchicha. Baba mkwe anaona umbo la samaki kabla ya kulipa. Imekwisha.

Ponda_Mali
Forodhani kuna viti. Na watoto watataka kuona vijana wanavyoruka baharini kutoka ukutani, hakuna mgahawa unaokupa hiyo bure.

Mama_Sufuria
Viti vipo, nafasi haipo. Na bei muulize kabla hujanyoosha mkono kwenye mshikaki, maana ukishauma umenunua kwa bei anayoitaka yeye. Zaidi, ukiona vitu vya bahari vimepangwa juu ya meza tangu magharibi na sasa ni saa nne usiku, pita.

Bint_Kikwajuni
Forodhani watu wanaisema vibaya kwa sababu wanakwenda kula kila kitu. Sisi wenyeji tunakwenda kwa mambo mawili: juisi ya miwa iliyosagwa na ndimu na tangawizi mbele ya macho yako, na kubarizi. Tangu bustani ifunguliwe upya 2009 baada ya ukarabati wa Aga Khan pamekuwa pasafi, mtu anakaa na familia. Ila urojo siendi kula pale. Urojo ni wa mtaani, alasiri, kwa bibi mwenye sufuria moja na foleni yake. Unautazama ule uji wa manjano unavyochuruzika juu ya viazi na bajia, anatia kachori, anavunjia chipsi za mhogo, chatne ya nazi, pilipili, mshikaki mmoja juu. Ukali mzuri unatoka kwenye embe mbichi, na msimu wa embe ukipita wengi wanatia ndimu au ukwaju. Wapo wanaosema ni kitu kilekile. Si kitu kilekile.

KijanaWaMvita
Mtaniwia radhi, lakini mambo haya yote Mombasa yapo na hayana makelele. Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi, jioni viazi karai na ukwaju wake pale Mama Ngina, macho yako kwenye bahari. Huyo mkwe angewapeleka Mombasa wangeshiba na chenji ingebaki.

Bint_Kikwajuni
Kutoka Songea mpaka Mombasa wapite wapi, juu ya mabega yako?

KijanaWaMvita
Nimetoa rai tu, dada. Na ile "Zanzibar pizza" yenu mtueleze, chapati imekunjwa na nyama ya kusaga, yai, kitunguu na jibini, imekuwa vipi chakula cha asili?

Ponda_Mali
Imekuwa ya asili tangu ulipoila ukaomba ya pili. Nyingine wanatia ndizi na chokoleti, watoto watakushukuru.

Mama_Sufuria
Haya, mmeanza.

Nahodha_Mstaafu
Mkwe, njia yako ya tatu ni nzuri kuliko unavyodhani, lakini igeuze. Asiende mkeo peke yake sokoni akauziwa kwa lafudhi. Darajani lile jengo la zamani ni la 1904 na mnada wa samaki ni wa watu wanaojuana. Tafuta mwenyeji. Tazama jicho la samaki liwe limejaa na linang'aa, inua shavu uone uwekundu, bonyeza kwa kidole nyama irudi. Kama kusi limekaza, usilazimishe nguru, chukua pono au tasi wa karibu na mwamba, wapike chukuchuku na ndimu. Na kama tarehe yenu itagongana na Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, ambao huwa mwezi huohuo wa saba, wapeleke Makunduchi. Asubuhi wanaume wanachapana magomba, kisha kila nyumba imepika, na mgeni kukaribishwa chakula siku hiyo ni jambo la fahari kwa wenye nyumba.

MkweMtiifu
Hii ya Makunduchi mama mkwe ataipenda kuliko zote, ngoja nimuulize mke wangu. Kuhusu baba, nimeongea naye sasa hivi kwa simu. Anasema samaki sawa, lakini anakuja na unga wake wa ugali, kilo tano, kwa sababu "wali si chakula cha usiku".

SangaraDamu_Mwanza
Mzee wa maana sana huyo. Mwambie aje na sangara pia, akamalize kazi.

Mama_Sufuria
Kilo tano wikiendi moja?

Bint_Kikwajuni
Basi nyumba yenye jiko lazima, hilo limeshajipanga lenyewe. Lakini kaka, tarehe. Mzee Nahodha kakuomba tarehe tangu juu huko.

Chogo_Mpya
Samahani kuingilia. Halua ya Wete inapatikana mjini Unguja au mpaka nivuke Pemba?

Nahodha_Mstaafu
Ya halua fungua uzi wako, hiyo nayo ina watu wake.