Shule za bweni huku Nyanda za Juu Kusini: mtoto akipigwa ni siri, akisema ni utovu wa nidhamu

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine habari za majukumu. Wasimamizi wa jukwaa, naomba uzi huu msiupeleke kule kwenye mambo ya familia. Hili ni la elimu, na ni la jinai.

Mimi ni mama, naishi Uyole, Mbeya. Mwanangu yuko kidato cha kwanza, na alikuwa kwenye shule ya bweni ya kulipia, mkoa jirani. Jina la shule silitaji, maana kumbukumbu za mtoto bado wanazo wao. Halafu naamini wengi wenu mtakaosoma mtadhani naongelea shule ya mwanao.

Ilianza na sukari na sabuni kutoka kwenye tranka lake. Ikaja kufulishwa soksi na mashati ya kaka wa kidato cha tatu. Ikaja kuamshwa saa kumi alfajiri akapange foleni bombani awachotee maji ya kuoga. Mwezi wa saba wakamchukulia blanketi, na baridi ya huku mwezi huo mnaijua, watu wazima tunalala na masweta. Siku aliyogoma kuchota maji walimsubiri baada ya prepo (masomo ya kujisomea usiku), wakamzaba makofi mpaka sikio la kushoto likatoa damu. Aliyesimama mlangoni ili asitoke ni kiranja wa bweni.

Mwanangu akafanya kile tunachowaambia watoto kila siku: akaenda kusema. Patroni, yaani mwalimu mlezi wa bweni, akamuuliza, "Umewakosea nini kaka zako?" Kisha akawaita wale vijana, akawaambia mbele yake kwamba huyu amekuja kuwashtaki, akamrudisha bweni lile lile, usiku ule ule. Sihitaji kuwaeleza yaliyofuata. Kulipokaribia kucha mtoto akapita uani, akatembea gizani mpaka barabara kuu ya malori, akaenda kukaa kwenye sheli. Mlinzi wa pale, Mungu ambariki baba yule, ndiye aliyempa koti na kunipigia simu. Shule haikunipigia. Shule ilikuwa haijui kama mtoto hayupo.

Nilipofika ofisini kwa mkuu wa shule nilikaribishwa chai. "Mama, watoto wameshasameheana, tusilikuze." Nikaomba kuona lilikoandikwa. Wakanionyesha kitabu cha adhabu. Jina lililomo ni la mwanangu. Kosa: utoro. Adhabu: viboko vinne. Walimchapa aliporudishwa kuchukua vitu vyake, sikio likiwa bado linauma! Kuhusu waliompiga hakuna mstari hata mmoja, popote. Nikauliza kitabu cha kuandikia taarifa za uonevu kiko wapi, wakatazamana.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo, wakuu. Kanuni za viboko za mwaka 2002 ziko wazi: achape mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe. Hiyo wanaijua, wameitimiza mpaka nukta. Lakini mtoto anayepigwa na wenzake bwenini hana karatasi. Asiye na karatasi hana ushahidi, na mwaka ukiisha mkuu wa shule anasimama mbele ya bodi na wazazi kusema shule yetu haina matukio. Haina kwa sababu hayaandikwi. Anayesema anageuzwa kuwa tukio lenyewe.

Msiniambie kuna namba 116. Naijua, ni ya bure, ni ya kumsaidia mtoto, na pale shuleni imebandikwa ukutani nje ya ofisi ya makamu. Ampigie nani kwa simu ipi? Simu kwa mwanafunzi ni marufuku. Akitaka kuongea na mzazi anapewa simu ya patroni, patroni amekaa pembeni anasikiliza. Miezi yote hiyo mwanangu alikuwa ananiambia "niko salama mama, naomba uniongezee sukari," nami naongeza, kumbe nawalisha waliokuwa wanamtesa. Namba ya msaada kwenye shule isiyo na simu ya mtoto ni pambo la ukuta.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mtu yeyote kwenye jamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aripoti kwa serikali ya mtaa au halmashauri. Mtu yeyote. Patroni ni mtu, mwalimu wa zamu ni mtu, mkuu wa shule ni mtu. Na kumjeruhi mwenzako ni kosa chini ya kifungu cha 241 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo mpaka miaka mitano. Sisemi vijana wale wafungwe. Nao ni watoto, ndiyo maana ipo Mahakama ya Watoto na wapo maafisa ustawi wa jamii. Ninachosema ni kwamba shule haina mamlaka ya kuamua kimya kimya kuwa damu ya mwanangu ni "utani wa bwenini". Fomu ya PF3, ile ya polisi ya kumpeleka majeruhi hospitali, nilikwenda kuichukua mwenyewe polisi, na niseme ukweli, askari wa kike wa Dawati la Jinsia na Watoto alinisikiliza vizuri kuliko walimu wote wale.

Sisi wa Mbeya tulishapata funzo. Oktoba 2016 nchi nzima iliona video ya mwanafunzi wa sekondari ya hapa jijini akipigwa ofisini na walimu wa mazoezi. Kipigo chenyewe kilitokea Septemba. Video ilipovuja ndipo mawaziri wakatoa matamko, walimu wale wakafukuzwa vyuoni. Bila ile simu iliyorekodi ingekuwa "wameshasameheana". Bwenini hakuna wa kurekodi.

Kingine kinachoniudhi ni viranja. Shule inawaachia watoto wa miaka 16 au 17 mabweni kuanzia taa zinapozimwa mpaka alfajiri, walimu wako kwenye nyumba zao. Kiranja ndiye anayelinda, ndiye anayetoa taarifa, na mara nyingi ndiye anayefuliwa nguo. Mtoto amshtaki kwa nani?

NYONGEZA: Kuna mkuu hapo chini kaandika "sisi tulimwagiwa maji ya baridi Iringa miaka ya tisini na tumekuwa wanaume". Kaka, pole kwa yaliyokupata. Kama uliyaona ni mabaya ukiwa na miaka 14, usiyaite malezi leo kwa sababu yamempata mtoto wa mwingine.

Na dada aliyeuliza kwa nini simhamishi tu: nimeshamhamisha, yuko kutwa, analala nyumbani. Lakini kitanda alichokiacha kitalaliwa na mtoto mwingine Januari, na kiranja ni yule yule.

Jumatatu napeleka barua halmashauri kwa afisa elimu sekondari, nakala kwa ustawi wa jamii na kwa wathibiti ubora wa shule. Nadai vitu vitatu kwa maandishi: jina la mwanangu lifutwe kwenye ule utoro, waliohusika wahojiwe wazazi wao wakiwepo, na shule ionyeshe mtoto akipigwa usiku anamwambia nani ambaye si patroni yule. Mwenye mtoto kwenye shule yoyote ya Mbeya, Iringa au Njombe ambako utaratibu huo upo na unafanya kazi, tafadhali aueleze hapa ulivyo, niuambatanishe. Barua ikipokelewa nitaweka hapa tarehe ya mhuri, na majibu yakija nitayaweka yote.