Gereji ya hapa Tabora imeniuzia kelele kwa jina la nguvu, na masega yangu haijayarudisha

Ndugu wanajamvi,

Ninaandika nikiwa na hasira na sitaificha, kwa sababu ni wiki ya sita sasa ninapigwa kalenda na gereji moja ya hapa Tabora mjini, ambayo sitaitaja jina kwa kuwa shauri langu nao bado halijaisha. Walipokea shilingi 350,000 zangu kwa ahadi ya kulipatia gari langu pumzi na nguvu zaidi. Nilichopata ni gari linalonguruma kama lori la mbao, linalokunywa mafuta kuliko zamani na lenye taa ya injini isiyozimika, huku boksi langu la hewa (lile linalobeba chujio) na masega yangu (kile kifaa cha kwenye bomba la ekzosi kinachosafisha moshi wa sumu) vikiwa mikononi mwa watu wengine hadi leo.

Gari lenyewe ni Toyota IST ya mwaka 2004 yenye injini ya 1NZ-FE, ya lita 1.5, ambayo ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 109. Nililinunua Dar es Salaam na nikaliendesha kule mwaka mzima kabla ya kulileta nyumbani. Kazi yangu ni kununua asali vijijini upande wa Urambo, kwa hiyo mara mbili kwa wiki ninakwenda na kurudi kama kilomita 180, na wakati wa kurudi nyuma kunakuwa na madumu. Tangu lifike Tabora niliona gari limekuwa zito kidogo linapotaka kulipita lori, na hilo tu ndilo nililomweleza fundi. Alifungua boneti, akaligonga boksi la hewa kwa kiganja, akaingia chini ya gari kwa muda usiozidi dakika tano, akatoka na hukumu: "Mzee wangu, gari hili linanyongwa. Tukilifungua pua na tukalitoa masega, hutalitambua."

Hakupima kitu chochote. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko fedha.

Fundi mkweli angeanza kwa kuniambia kwamba Tabora mjini tuko kwenye mwinuko wa takribani meta 1,200 kutoka usawa wa bahari, kwamba shinikizo la hewa hapa ni pungufu kwa karibu asilimia 13 kuliko Dar es Salaam, na kwamba injini isiyo na tabo (feni inayosukumia hewa ndani ya injini) hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribiana na hicho, kwa hiyo zile nguvu 109 za kiwandani huku kwetu zinabaki kama 95 hata gari likiwa jipya kabisa. Hakuna chujio wala bomba linaloweza kuirudisha hewa ambayo haipo. Maelezo hayo yangemchukua dakika mbili na yangenibakizia fedha zangu mfukoni. Na kama kweli alishuku kwamba masega yameziba, jambo ambalo hutokea hasa kwa gari linalokula oili au lenye plagi isiyochoma vizuri, kipo kipimo cha kawaida: unafungua sensa ya oksijeni iliyo mbele ya masega, unafunga geji ya shinikizo kwenye tundu lake, unapandisha injini hadi mizunguko 2,500 kwa dakika na kusoma. Geji ikipita psi 3 una sababu ya kuyashuku masega. Ikisoma chini ya hapo, yaache yafanye kazi yake. Sensa hiyo aliifungua baadaye ili akate bomba, lakini geji hakuitafuta.

Nianze na upande wa kuingiza hewa, kwa maana huko ndiko kunakonitisha zaidi. Waliondoa boksi la hewa la kiwandani pamoja na mkonga wake unaochukua hewa ya mbele, nje ya joto la injini, wakafunga chujio la koni la bei rahisi ambalo liko wazi ndani ya boneti. Injini ya lita 1.5 inapozunguka mara 3,000 kwa dakika huku umekanyaga mafuta hadi chini humeza zaidi ya lita 2,000 za hewa kila dakika. Hewa hiyo sasa inatoka jirani na rejeta na manifoldi ya ekzosi, yaani mabomba yanayopokea moshi kutoka kwenye injini. Hewa ya nyuzi 60 ni nyepesi kuliko hewa ya nyuzi 30 kwa karibu asilimia 9, maana yake kila silinda inapata oksijeni pungufu kwa kiasi hicho, na kompyuta ya gari, ambayo inalenga kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli, inapunguza mafuta kwa sababu hewa imepungua. Kwa maneno mengine nimelipia kupunguziwa nguvu, isipokuwa koni ikiwa wazi hutoa mvumo mkubwa ukikanyaga mafuta, na sikio la mtu likisikia mvumo huamini kwamba kuna kasi.

Joto lina nafuu kwa sababu haliharibu kitu palepale. Vumbi haliniachi kulala. Wanajamvi wanaozijua barabara za vijijini huku kwetu mwezi Julai wanajua vumbi ninalolisema, lile jekundu laini linaloingia hadi kwenye mkoba uliofungwa zipu. Wiki ya tatu nilifungua mpira wa hewa mwenyewe, upande wa ndani, yaani sehemu ambayo hewa imekwisha kuchujwa, nikapitisha kidole kilichofungwa kitambaa cheupe. Kilitoka na rangi ya udongo wa kichuguu. Nilipokisugua kati ya vidole nilisikia chembe zikikwaruza, na chembe hizo ni mchanga, na mchanga huo ulikuwa njiani kwenda kwenye kuta za silinda na ringi za pistoni. Chujio la karatasi la kawaida, lile la bei ndogo ambalo watu wanalidharau, hukamata karibu vumbi lote na halina haja ya kupakwa kitu. Koni niliyofungiwa ni ya pamba inayopakwa oili ili inase vumbi, na yule kijana aliyeifunga aliimwagia oili kama anayekaanga maandazi. Oili iliyozidi ilivutwa hadi kwenye sensa ya hewa, ambayo ndani yake mna uzi mwembamba unaopashwa moto na unaotakiwa kuwa safi ili uipime hewa kwa usahihi. Ukiwa na ukoko wa oili na vumbi unaidanganya kompyuta, nayo inakosea mafuta. Nilipouangalia kwa tochi ya simu niliukuta umefunikwa na utando mweusi.

Sasa upande wa kutoa moshi. Waliniwekea bomba la inchi 2 na nusu kuanzia chini ya manifoldi hadi nyuma, kwa hoja kwamba tundu likiwa kubwa moshi unatoka kwa urahisi. Kwa injini yenye tabo na yenye nguvu maradufu ya hii nisingebishana nao. Kwa injini ndogo kama yangu bomba la inchi 1 na robo tatu hadi inchi 2 linatosha kabisa, kwa sababu moshi unatoka kwa mapigo, na pigo linaposafiri kwa kasi ndani ya bomba la kadiri huacha nyuma yake mvuto unaosaidia kufyonza moshi wa silinda inayofuata. Ukipanua bomba kupita kiasi kasi hiyo inakufa, na kinachokufa kwanza ni nguvu ya mizunguko ya chini, yaani ile hasa ninayoihitaji nikiwa na madumu kumi nyuma nikipandisha kutoka mtoni. Tena upana wenyewe ni wa jina tu. Kona mbili zilikunjwa bila mashine inayolinda umbo la bomba, zikaminywa zikawa bapa kiasi kwamba ndani ya kona tundu ni dogo kuliko lile la bomba la zamani walilolitupa.

Na wamechomelea vibaya. Kwenye kiungo kilicho mbele kidogo ya sensa ya oksijeni kuna ufa ambao masizi yake yamechora mstari mweusi wenye urefu wa kucha. Watu hudhani ufa kama huo hutoa moshi tu. Hapana, kati ya pigo na pigo bomba huvuta, na ufa unaingiza hewa ya nje. Sensa inaiona oksijeni hiyo, inadhani injini imenyimwa mafuta, na kompyuta inaongeza. Hapo ndipo ulipokimbilia ulaji wangu, ambao zamani ulikuwa kilomita 14 kwa lita na sasa ni kilomita 10 na nusu. Kwa kila safari ya Urambo ninachoma zaidi ya lita 4 za ziada, mara mbili kwa wiki, na bei ya petroli hakuna asiyeijua. Siku mbili mimi na kijana wangu wa kazi tulirudi vichwa vikituuma, kwa kuwa mlango wa nyuma tulikuwa tumeufunga kwa kamba ukiwa umeachama kwa ajili ya mzigo, na moshi ulikuwa unarudi ndani. Gesi ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Ninamshukuru Mungu kwamba hatukupitiwa na usingizi njiani.

Nilipowarudia waliniambia nivumilie kwa sababu "kompyuta bado inajifunza". Waliifuta taa kwa mashine yao. Siku ya pili yake, kabla sijafika Ndono, ikawaka tena, kwa sababu sensa ya nyuma iliwekwa kuyakagua masega na masega hayapo. Hakuna somo la kujifunza hapo.

Tena hayo masega. Niliyaulizia siku ileile ya kwanza, fundi akanijibu kwamba ni takataka, yameshatupwa. Takataka gani yenye platinamu, paladiamu na rodiamu? Madini hayo ndiyo yanayoigeuza gesi ya sumu kuwa kaboni dioksidi, maji na naitrojeni, na ndiyo sababu wapo watu wanaopita gereji hadi gereji kuyanunua. Mimi ni mtu wa asali, masega ninayajua tangu utotoni, na katika biashara yetu huwezi kumkamulia mtu asali yake ukaondoka na nta kimyakimya. Mwenye mzinga anaulizwa kwanza nta inabaki kwa nani na kwa bei gani. Hapa nimelipa mimi, kilichotolewa ni mali yangu, na aliyekitoa amekaa nacho kana kwamba ni ujira wa juu.

Ili nisionekane ninasema kwa chuki, nilifanya jaribio. Shemeji yangu ana IST ya injini hiyohiyo ambayo haijaguswa. Jumapili moja asubuhi, barabara ikiwa tupu, tulitumia kipande kimoja cha lami kilichonyooka, watu wawili kwa kila gari, hakuna mzigo, tukapima kwa simu muda wa kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, mara tatu kila gari. Lake lilitumia wastani wa sekunde 7, langu sekunde 8 na nusu. Langu lilisikika hadi kwa watu waliokuwa wakilima ng'ambo ya barabara.

Kwa kuwa najua wapo vijana humu wanaopanga kufanya kama nilivyofanya, niwaambie nilichotendewa na fundi mwingine baada ya kuchoka, tena kwa fedha kidogo. Alisafisha sensa ya hewa kwa dawa yake maalumu ya kupuliza bila kuigusa kwa kidole, akasafisha throto (mlango wa kuingizia hewa kwenye injini) iliyokuwa na utando mweusi, akabadilisha plagi nne zilizochakaa. Jumla haikufika 120,000, na ingawa bomba bovu bado liko chini, injini imeanza kutulia. Ameniambia, nami ninamwamini kwa sababu alipima kabla ya kusema, kwamba kazi hiyo pamoja na chujio jipya la karatasi ndani ya boksi lake ndiyo niliyoihitaji tangu mwanzo. Anayetaka nguvu za ziada kwa kweli kwenye injini hii atanunua manifoldi nzuri ya ekzosi, bomba la kipimo sahihi lililokunjwa kwa mashine, kisha atalipia kupangwa upya kwa kompyuta, na baada ya gharama yote hiyo ataongeza nguvu za farasi wachache tu.

Kwa gereji iliyonitenda haya, najua mnasoma humu kwa sababu mmoja wenu ndiye aliyewahi kunionyesha uzi wa magari kwenye simu yake. Ninataka boksi langu la hewa na mkonga wake, ninataka masega yangu au thamani yake, na ninataka bomba lirudishwe kwenye kipimo chake kwa gharama yenu. Risiti ninayo, na picha za kona zilizominywa, za ufa na za kile kitambaa ninazo. Mkinipigia tena kalenda, Jumatatu nitazipeleka zote kwa mwenyekiti wa mtaa wenu, na kutoka hapo nitakwenda polisi kuhusu masega.

Kwa wengine wote: mwenye boksi la hewa la IST ya 1NZ-FE lililo zima, lenye vibanio vyote na mkonga wake, awe Tabora, Nzega au hata Kigoma, aniandikie hapa bei yake. Nitalifuata mwenyewe wiki hii, kwa sababu kila kilomita ninayoendesha na ile koni ninaisikia kwenye vidole vyangu.